Letelier hakufia kwenye mapinduzi

Hapana ndugu, umechanganya uliposema Orlando Letelier, mwanasiasa wa Chile, alikufa kwenye mapinduzi. Hakuuawa siku Jenerali Pinochet alipompindua Rais Allende. Alikuwa balozi wa Chile Washington, kisha akarudishwa nyumbani kuwa waziri. Septemba 11, 1973, alipokuwa waziri wa ulinzi, wanajeshi aliowasimamia ndio waliomkamata! Wakampeleka Kisiwa cha Dawson, kule kusini kabisa kwenye baridi kali. Akaachiwa 1974, akarudi Washington, safari hii mkimbizi, akaendelea kumsema Pinochet waziwazi. Septemba 10, 1976 serikali ya Pinochet ikamvua uraia. Siku 11 baadaye bomu lililotegwa chini ya gari lake likalipuka Sheridan Circle, mzunguko wa barabara hapo Washington, hatua chache kutoka makazi ya balozi wa Chile. Alifariki pamoja na Ronni Moffitt, mfanyakazi mwenzake. Mume wa Ronni, aliyeketi nyuma, akapona.