Shangazi, deni la benki limenifuata ughaibuni

*Shangazi shikamoo. Miaka mitano na miezi kadhaa iliyopita nilimaliza masomo ugenini nikaondoka nchi ile huku akaunti yangu ikiwa kwenye ovadrafti. Sikuifunga. Nilijiambia nikipata kazi nitalipa, kisha nikahamia nchi nyingine, laini ya simu ikafa, yakaishia hapo. Juzi rafiki niliyekuwa nikipanga naye kanitumia picha ya barua iliyofika kwa jina langu. Haikutoka benki, imetoka kwa kampuni nisiyoijua, na kiasi kimezidi maradufu. Kidole gumba chake kimeziba tarehe. Mwenzangu kazini anasema ninyamaze, deni hufa lenyewe. Mimi nafikiria kukopa huku niliko nilipe lote wiki hii. Mume wangu hajui lolote, na usingizi sina. Nifanye nini?*
*– Mdaiwa wa Mbali*

Marahaba, mwanangu. Mwambie rafiki yako aipige picha upya, kidole akiweke pembeni. Tarehe aliyoiziba ni muhimu kuliko hicho kiasi kinachokukosesha usingizi.

Mkopo wa kawaida una ratiba, unajua awamu ya mwisho ni lini. Ovadrafti haina. Benki imekuruhusu utoe zaidi ya kilichomo, na kwa kawaida mkataba unaipa haki ya kusema siku yoyote, "rudisha chote sasa." Mara nyingi muda wa kudai mahakamani huanza kuhesabiwa pale benki ilipofunga akaunti na kudai ilipwe. Hiyo miaka mitano unayoihesabu tangu upande ndege ni hesabu yako wewe. Ya mahakama inaweza kuwa ilianza baadaye, hivyo ikawa fupi zaidi.

Mwenzako wa kazini amesikia ngoma ikilia, hajui inakochezwa. Ni kweli nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kudai. Hukuniambia benki iko wapi, na jibu liko hapo, kwa sababu kinachotazamwa kwa kawaida ni sheria ya nchi ulikofungua akaunti, si ya nchi unakolala. England na Wales ni miaka 6. Kenya na Tanzania pia ni miaka 6 kwa madai ya mkataba. Scotland ni 5, na huko muda huo ukipita bila mdai kwenda mahakamani na bila wewe kulikiri, deni lenyewe linafutika. England halifutiki, ila ukishtakiwa unaweza kujitetea kwamba muda umekwisha. Halafu kuna India, ambako muda ambao mdaiwa yuko nje ya nchi hauhesabiwi kabisa. Mtu akikaa nje miaka 20 akijipongeza kwamba deni limekufa, akirudi atalikuta hai na lina afya kuliko yeye.

Wengi hujikwaa kwenye hatua ya kwanza. Mtu anapata barua, moyo unamwenda mbio, anatuma kiasi kidogo "kuonyesha nia njema." Au anaandika, "Nakiri nadaiwa, naomba mnivumilie." Kwa sheria ya England, malipo hayo madogo au maandishi hayo yenye sahihi yako, yakifanyika kabla ukomo haujafika, yanaanzisha hesabu upya. Wewe uliyebakiza miezi umejiongezea miaka 6 kwa adabu zako nzuri. Wakusanya madeni, yaani kampuni zinazoyanunua kwa benki au kuyadai kwa niaba yake, wanalijua hili, ndiyo maana sauti zao kwenye simu ni tamu: lipa chochote tu leo, dada, hata kidogo. Usiongee nao kwa simu kwanza. Andika.

Na barua yenyewe iwe fupi, kavu, isiyo na machozi: "Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Sikiri deni hili. Naomba nakala ya mkataba, taarifa za akaunti zinazoonyesha jinsi kiasi hiki kilivyofikiwa, tarehe benki ilipodai lilipwe, na uthibitisho kwamba deni mmeuziwa ninyi." Basi. Usieleze kwamba umeolewa wala unafanya kazi wapi. Nawe kabla ya kuituma, wasiliana na benki yenyewe kupitia namba iliyo kwenye tovuti yake rasmi, si ile iliyoandikwa kwenye barua, uwaulize tu deni la akaunti ile limeuzwa kwa nani. Matapeli nao hujua kuchapa barua.

Chunguza pia kama tayari kuna hukumu. England, karatasi za mahakama zinaweza kupelekwa kwenye anwani yako ya mwisho inayojulikana, na usipojibu hukumu inatolewa bila wewe kuwepo. Unaweza kuomba itenguliwe ukieleza kwamba hukuzipata, lakini inabidi uombe mapema baada ya kujua, na uwe na utetezi wa maana. Mwulize rafiki yako ni bahasha ngapi amezitupa miaka hii yote kwa nia njema.

Sasa tuseme majibu yamekuja na deni ni halali, bado liko ndani ya muda. Lipa, mwanangu. Pesa uliitumia. Lakini usikope kwa riba kubwa huku ili kuzima riba ya kule. Huko ni kuhamisha moto kutoka chumba hadi chumba. Wanaonunua madeni ya zamani huyanunua kwa bei ya chini, kwa hiyo wana nafasi ya kupokea pungufu. Kagua riba na ada pia. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Mabenki inazuia riba ya mkopo uliokwama kuzidi salio lililokuwapo siku ulipokwama. Mkikubaliana, wakuandikie kwanza kwamba malipo hayo yanamaliza deni lote, ndipo utume, kwa sarafu ya deni na kwa namba ya kumbukumbu waliyokupa, na stakabadhi usiifute. Kama benki iko Uingereza, StepChange, National Debtline na Citizens Advice hutoa ushauri wa madeni bila malipo. Ila kama ni Falme za Kiarabu, tafuta wakili wa huko kabla hata ya kukata tiketi ya matembezi, maana mdai anaweza kuiomba mahakama imzuie mdaiwa kusafiri.

Nimebakiza la mumeo, na ndilo lililonigusa zaidi kwenye barua yako. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na droo ya bahasha ambazo sikuzifungua, nimezilaza chini ya vitambaa vya meza. Nilijua hasa ziko ngapi. Siku mume wangu alipoikuta ile droo hakuuliza kuhusu pesa. Aliuliza, "Tangu lini?" Swali hilo sikuwa na jibu lake, na lilituchukua muda mrefu kuliko madeni yenyewe.

Kwa hiyo mwambie kabla hujaandika hiyo barua, si baada ya kulimaliza. Mwonyeshe picha kwenye simu, umwambie ilikuwaje, na usijitetee sana. Akikasirika, ana haki ya kukasirika kwa siku mbili tatu. Ukikopa kwa siri na yeye akakuta makato kwenye mshahara wako, utakuwa na mambo mawili ya kueleza badala ya moja.

Tarehe ikishaonekana, niandikie tena, na safari hii unitajie nchi.

– Shangazi