Jibu: Cairo ya Illinois iko wapi, na kwa nini ina jina la Misri?

Mkuu, umeuliza kama kweli Marekani kuna mji uitwao Cairo, na wamebaki watu wangapi. Upo, ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, mto Ohio unapoingia Mississippi. Ukisimama pale ncha unaona maji ya rangi mbili yakienda sambamba kabla hayajachanganyika. Mji umezungukwa na matuta ya kuzuia mafuriko, na barabara ya kaskazini inapita kwenye lango kubwa la chuma linaloweza kufungwa mito ikifurika.

Jina lilitolewa mwaka 1818, watu walipofananisha eneo lile na bonde la Nile. Jirani kuna miji ya Thebes na Karnak, nayo yenye majina ya Misri ya kale. Ila wenyeji hutamka karibu na "Kero".

Idadi ya watu ndiyo inayoniuma. Mwaka 1920 walizidi 15,000. Sensa ya 2020 ilihesabu 1,733 tu. Madaraja yaliua biashara ya vivuko, lakini ubaguzi nao ulichangia sana. Bwawa la kuogelea lilifungwa ili Weusi wasiogelee na Wazungu. Mwaka 1969 Weusi wakaanza kususia maduka yaliyokataa kuwaajiri, na mengi yakafunga moja kwa moja.