Re: Riwaya ya vijana, rafiki kiziwi asiwe wa kuhurumiwa

Dadangu, umeuliza utaandikaje urafiki wa msichana kiziwi na jirani yake anayesikia, hapa Lamu, bila kumfanya kiziwi wa kuhurumiwa tu. Mpe makosa! Awe na wivu, akope asilipe, anune siku mbili. Kisha tumia vichochoro vya Mji wa Kale: punda aliyebeba mchanga akija kwa nyuma, jirani humvuta mwenzake ukutani. Usiku umeme ukikatika, mazungumzo yao hukatika pia, mpaka mmoja amulike mikono kwa tochi. Hapo ndipo penye hadithi. Na tafadhali sana, asiponywe mwishoni. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010; jirani naye ajifunze, akosee ishara, achekwe. Ukimaliza, mpe kijana kiziwi ausome muswada kabla yetu sisi.