Muulize Mjomba wa Matete

SWALI: Shikamoo Mjomba. Ninalea wazee hapa Ipswich. Mwenzangu kazini, mama mmoja wa Kiingereza, amening'ang'ania twende hifadhi ya ndege ya Minsmere Jumamosi moja ya Mei kutazama ndege, na anataka tuondoke kungali giza! Sina darubini, ndege wa huku namjua njiwa tu, na sielewi mtu mzima anakaaje kwenye kibanda cha kutazamia ndege saa nzima akikodolea macho matope. Niende? Nijiandae vipi? — Mpwa wako, Ipswich

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Nenda, tena usimpigie kelele za saa. Mwezi Mei huku Suffolk jua huchomoza kwenye saa 11 alfajiri, na huo ndio wakati madume huimba kwa nguvu zote, kila mmoja akitangaza mipaka yake na kuita jike. Ikifika saa 3 asubuhi wengi wamepunguza, wanatafuta chakula. Atakayelala atakuta miti imenyamaza.

Darubini isikunyime usingizi. Mgeni anadhani shughuli hii ni ya macho, kumbe kwa Mei ni ya masikio kwanza. Majani yameshafunga miti, na hata darubini ya pauni elfu haipenyi jani. Simama njiani, funga mdomo, chagua sauti moja uifuate hadi ujue inatoka tawi gani. Ukiipata, usiyaondoe macho pale. Inua darubini ije machoni, wala usianze kumsaka ndege ndani ya kioo. Ya kuazima yatosha. Ukiulizwa, omba iliyoandikwa 8x42: inakuza mara nane, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42, kwa hiyo alfajiri bado inaona. Zile za kukuza mara kumi na zaidi zinawapendeza vijana dukani, lakini mkono ukitikisika kidogo, na ndege naye anacheza ngoma.

Mkifika kwenye matete, nyamazeni kabisa. Humo anaishi biterni, ndege wa ukoo wa yangeyange, kahawia mwenye michirizi. Akishtuka huelekeza mdomo juu na kujinyoosha katikati ya mabua. Upepo ukiyatikisa, naye anayumba nayo. Unaweza kumtazama usimwone. Sauti ya dume lakini haifichiki: nzito, ya chini, kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa tupu, na siku tulivu husikika umbali wa kilomita kadhaa. Ndiyo maana hata wataalamu huwahesabu kwa sikio, dume mmoja mmoja, kila mmoja na sauti yake. Mwaka 1997 Uingereza nzima walisikika madume 11 tu, kwa sababu mabwawa ya matete yalikuwa yakikauka. Yakachimbwa upya, maji yakarudishwa, na sasa madume yamepita 200. Mimi nikimsikia huyo, siku yangu imekamilika hata mvua ikininyeshea hadi jioni.

Sasa hayo matope unayoyasimanga. Yatazame: ndege mweupe mwenye mabaka meusi, miguu ya buluu-kijivu, mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, anaufyeka huku na huku kwenye maji ya kina kifupi. Huyo ni avoseti, nembo ya RSPB, chama kikubwa cha kulinda ndege kinachosimamia Minsmere tangu 1947. Kabla ya hapo alikuwa ametoweka kama ndege wa kutaga Uingereza kwa takriban miaka mia. Kilichomrudisha ni vita: mwaka 1940 mashamba ya pwani hiyo yaliachwa yafunikwe na maji ili Wajerumani wasipate pa kushukia, na vita vilipokwisha avoseti wakayakuta maji yao. Mwenyeji wako atakusimulia haya kibandani. Msikilize kama hujawahi kuyasikia. Waingereza wanaipenda sana hadithi hiyo.

Kibandani fungua kidirisha polepole, usitoe mkono nje, nong'ona. Kuuliza "kuna nini leo?" si ushamba, watakuonyesha mpaka uchoke. Vaa nguo za rangi iliyofifia, sweta na koti hata kukiwa na jua, maana upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna Mei wala Juni. Suruali iwe ndefu: kwenye nyasi kuna kupe, na wengine wana ugonjwa. Chai ya chupa usisahau.

SWALI: Mjomba, ndege kekeo tulimsikia Mei mfululizo. Julai kimya. Amekufa? — Msomaji, Norfolk

JIBU: Ameshaondoka. Wakubwa huanza safari mwezi Juni, kwa sababu hawana watoto wa kulea: yai wameliacha kwenye kiota cha mwingine, ahangaike nalo. Vyombo vidogo vya kufuatilia safari wanavyofungwa mgongoni vimeonyesha wanavuka Sahara hadi misitu ya Kongo.

SWALI: Kijana wangu hucheza sauti ya ndege kwenye simu ili ndege asogee ampige picha, na juzi alitaka kukaribia kiota. Kuna ubaya? — Baba Zuhura, Essex

JIBU: Upo, baba. Dume akisikia sauti hiyo anadhani kaingiliwa. Anaacha kula aje kupigana na simu. Kwenye kiota ni zaidi ya adabu. Sheria ya mwaka 1981 ya wanyamapori na mashamba inakataza kuchukua au kuharibu yai la ndege yeyote wa porini, na ina orodha ya ndege ambao hata kuwasumbua kwa makusudi au kwa uzembe karibu na kiota ni kosa la jinai. Avoseti na biterni wamo. Kijana atumie Merlin, programu ya bure inayosikiliza na kutaja ndege anayeimba. Hukosea mara mojamoja, lakini haimsumbui mtu. Na mkimkuta mtu anaiba mayai, msigombane naye. Pigeni 999 akiwa bado anafanya, au 101 akiwa ameshakwenda, na mtaje mahali, saa na namba ya gari.