"Constipado" ya Madrid si tumbo, ni pua

Hapana dada, mwenzako wa Madrid hakukosea. Umeuliza kwa nini alisema yuko "constipada" huku anapenga makamasi, wakati Kiingereza ulichosoma kinakwambia neno hilo ni la mtu aliyefunga choo. Kwa Kihispania, "estar constipado" ni kuwa na mafua. Ukifunga choo unasema "estreñido".

Asili ni moja: "constipare" ya Kilatini, yaani kushindilia au kubananisha vitu pamoja. Kitu kimeshindiliwa, hakipiti. Swali ni kipi? Waingereza na Wafaransa ("constipé") wakaamua ni tumbo. Wahispania wakabaki na baridi: zamani kitenzi chao kilimaanisha kuziba vinyweleo vya ngozi hata jasho lisitoke, na baridi ndiyo iliyodhaniwa kufanya hivyo, halafu mafua yanafuata. Ukifikiria, hata sisi tunasema pua imeziba, kwa hiyo hawajaenda mbali.

Wareno nao wako upande wa pua. "Constipação" ya Lisbon ni mafua, na kufunga choo wanakuita "prisão de ventre", kifungo cha tumbo. Hilo nalipenda kuliko yote! Ila Brazil uwe mwangalifu, kule neno linaweza kuwa la choo pia. Waitalia wengi wakisikia "costipato" wanafikiria tumbo, ingawa lina matumizi ya mafua vilevile.

Ukiwa kwenye duka la dawa Hispania usijiamini na neno hili. Utaomba dawa ya choo upewe ya mafua.