Punguza nyama ya ng'ombe, lakini chunga na mkaa

Anayetaka sahani yake isiumize mazingira aanze na nyama ya ng'ombe. Si lazima aache nyama zote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119, ulionyesha kwamba protini ya gramu 100 kutoka kwa ng'ombe wa nyama huambatana, kwa wastani wa dunia, na kilo 50 hivi za gesi zinazopasha dunia joto, zikipimwa kwa kaboni dioksaidi. Nyama ya kondoo ni kilo 20, kuku karibu 6, mayai 4, karanga kilo moja na kidogo. Kunde na jamaa zake hazifiki hata kilo moja. Jikoni hesabu ni hii: nusu kilo ya steki ina protini sawa na gramu 430 hivi za kunde kavu.

Tofauti hiyo inaanzia tumboni mwa mnyama. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua, na vijidudu vinavyowasaidia kusaga nyasi hutengeneza methani, ambayo mnyama huitoa zaidi kwa mdomo. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha joto mara 27 hivi kuliko kilo ya kaboni dioksaidi. Ng'ombe wetu wa asili wa mikoa ya Dodoma na Singida, katikati ya Tanzania, hukonda kila kiangazi, kwa hiyo huchukua miaka minne au zaidi kufikia uzito wa kupelekwa mnadani. Kila mwaka unaoongezeka ni methani zaidi kwa nyama ile ile. Wanaosema ng'ombe wa kuchungwa hana madhara kwa kuwa hali mahindi wamekosea upande wa gesi. Wana hoja upande wa ardhi, kwa sababu mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka huotesha nyasi sehemu nyingi ambako mahindi hukauka, na samadi inarudi shambani.

Lakini ardhi nayo ina kikomo, na Kondoa, mkoani Dodoma, imetuonyesha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na makorongo ya Kondoa Irangi yalikuwa yamefika pabaya kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti ikarudi. Baadaye wafugaji waliruhusiwa ng'ombe wachache wa maziwa wa kulishiwa bandani. Mifugo michache inayoshiba ndiyo njia ya ukanda huu, na mlaji anaisaidia akinunua nyama kidogo.

Chukua familia inayokula kilo mbili za nyama ya ng'ombe kwa wiki. Ikibakiza nusu kilo, na ile kilo moja na nusu ikaibadilisha na kilo 1.3 ya kunde, choroko au mbaazi, kwa wastani ule wa dunia inaepusha karibu kilo 150 za gesi kila wiki. Ile nusu kilo iliyobaki usiipike siku moja. Ikate vipande vidogo, uigawe kwenye mboga za siku mbili au tatu, ladha itabaki. Kosa la kawaida ni kuacha ng'ombe na kuhamia mbuzi choma wa mnada wa Msalato ukidhani umemaliza kazi. Mbuzi naye anacheua.

Sasa mkaa, ambao wanaosifia kula mboga huusahau. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo tatu za kaboni dioksaidi, na tanuru la udongo la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo hiyo moja. Nusu kilo ya maharage yasiyolowekwa, yakikaa jikoni saa mbili au tatu, yanaweza kumaliza kilo ya mkaa, na hapo mkaa umechafua kuliko maharage yenyewe. Bado huwezi kulinganisha na ng'ombe kwa gesi, lakini miti ya Dodoma haina mbadala. Makande ndiyo yanayokula mkaa kuliko yote.

Dawa yake ni kuloweka. Maharage yakae kwenye maji saa 8 hadi 12, kunde saa 4 hadi 6. Choroko unaweza kuzipika bila kuloweka. Weka maji mara tatu ya ujazo wa maharage au kunde, kisha yamwage na upikie maji mapya. Yakigoma kuiva, mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu. Kwanza ni maharage ya zamani, yaliyokaa stoo yenye joto zaidi ya msimu mmoja. Pili ni maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu, na kalsiamu iliyomo hukaza ganda la maharage. Maji ya mvua uliyokinga yatumie hapa kabla ya kazi nyingine. Tatu ni nyanya au ndimu iliyowahi. Asidi nayo huzuia ganda kulainika, kwa hiyo nyanya ziingie baada ya maharage kuiva kabisa. Magadi husaidia, ila robo kijiko cha chai inatosha kwa nusu kilo. Ukizidisha unaharibu vitamini B1 na mboga inanuka sabuni.

Mwenye umeme atumie presha kuka ya umeme: maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 25 hivi, na hutumia chini ya uniti moja. Asiye nayo achemshe kwa moto mkali dakika 20, afunike vizuri, azungushie sufuria blanketi nzito ndani ya kapu na kuiacha saa tatu, kisha achemshe tena kabla ya kula. Zile dakika za mwanzo usizipunguze, kwa sababu maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na maji yanayochemka tu, si ya uvuguvugu.

Kwenye afya, ugali wa uwele au mtama una upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini, na kunde zinayo tele, hivyo kula vyote viwili pamoja. Madini ya chuma ya kunde hunyonywa vizuri ukiambatanisha na juisi ya ubuyu au ndimu. Chai isubiri saa moja baada ya mlo. Vitamini B12 haimo kwenye kunde wala mlenda. Watoto na wajawazito wasinyimwe mayai, maziwa na dagaa.

Karanga za kuungia mboga zichague kwa mkono. Zilizosinyaa, zenye weusi au ukungu zitupe, usimpe hata kuku, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Nunua karanga nzima zenye maganda, uzisage mwenyewe. Za kusagwa tayari huwezi kujua kilichoingia kwenye mashine.