Mkuu, kabla hujaongeza udahili, uliza mshahara utalipwa na nani

Mkuu, usisaini huo mkopo. Mengine tutayaongea, lakini hiyo hosteli msianze kuijenga.

Kwa wadau waliochelewa: mleta mada yumo kwenye kamati ya mipango ya chuo binafsi cha afya. Wameletewa andiko la makadirio ya watumishi wa afya wa mkoa wao kwa miaka 10, linaonyesha upungufu mkubwa wa matabibu na wauguzi. Bodi inataka kupandisha udahili wa utabibu kutoka 100 hadi 300 na kukopa benki wajenge hosteli. Anauliza ahakiki kwa kanuni ipi, atumie programu gani ya kompyuta, ongezeko la watu aliweke asilimia ngapi, na kama waanzishe pia kozi ya maabara au famasi.

Nimefanya kazi ofisi ya taaluma ya chuo kama chenu. Andiko kama lenu nimelishika mkononi, jalada gumu na grafu za rangi, na najua lilikoishia. Nikiongea kwa ukali unisamehe, ukali wangu ni kwa hilo andiko.

Ngoja nikueleze lilivyotengenezwa. Mshauri elekezi wenu alifungua mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo kila kituo kinatakiwa kuwa nayo, ule wa 2014, akakuta zahanati inatakiwa iwe na watumishi wasiopungua 15. Akahesabu zahanati za mkoa, akazidisha. Vituo vya afya na hospitali akafanya vivyo hivyo. Akaomba orodha ya waliopo, akatoa. Kilichobaki akakiita upungufu, akakikuza kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, ongezeko la watu la sensa ya 2022, akachora mstari unaopanda mpaka 2035. Mwisho akapendekeza vyuo vya mkoa vizalishe wahitimu wa kuziba pengo. Kama nimekosea nisahihishe.

Kuzidisha na kutoa kwake kuko sawa. Shida ni kwamba amekokotoa uhitaji akawauzia kama soko. Uhitaji ni watumishi ambao wananchi wanastahili kuwa nao ili wahudumiwe inavyopasa. Soko ni nafasi zenye mshahara. Kwetu hivi viwili vimeachana mbali mno, na humo katikati ndimo wanamopotelea watoto wa watu.

Chukua wilaya ya mfano yenye zahanati 40. Ikama inadai watumishi 600. Waliopo ni 170, upungufu 430. Mshauri elekezi anaishia hapo na kuchukua hundi yake. Wewe endelea. Tuseme kila mwaka zahanati hizo zinapata kibali na bajeti ya ajira mpya 20. Mwaka huohuo wanaondoka 12: wa kustaafu, wa kufariki, wa kuhama kumfuata mwenza mjini, wa kwenda masomoni na kutorudi. Ongezeko halisi ni watu 8. Kwa mwendo huo, 430 watapatikana baada ya miaka zaidi ya 50, na hapo hujafungua zahanati mpya hata moja. Tena hao 20 si matabibu watupu, kuna wauguzi, watu wa maabara, watu wa dawa na wahudumu. Tabibu labda watano au sita. Chuo chenu peke yake kitatoa 300 kwa mwaka, vyuo viko kila kona ya nchi, na ajira za serikali zinatangazwa kitaifa: kijana wa Kagera anaomba nafasi ya Mtwara. Sasa niambie hao 300 unawapeleka wapi.

Kwetu bodi ilipitisha. Udahili wa utabibu ukapanda mara tatu, hosteli ikajengwa kwa mkopo, darasa moja likagawanywa kwa mbao yakawa mawili. Hospitali ya mafunzo kwa vitendo ilibaki ileile na vitanda vilevile. Nilipita wodini asubuhi moja nikakuta wanafunzi wamezunguka kitanda kimoja safu mbili, wa nyuma wamesimama kwa ncha za vidole, na mama mgonjwa amevuta shuka akajifunika uso mzima. Mwalimu anaeleza namna ya kusikiliza mapafu, waliopata kugusa ni wanne. Waliobaki walinakili kwenye daftari kama somo la historia. Hao nao baadaye walipewa stashahada.

Miaka miwili ya mwanzo ada iliingia na kila mtu akaona andiko lina akili. Ndipo ubaya wa makadirio ya kada za afya ulipo: kosa halionekani mpaka darasa la kwanza limalize. Stashahada ni miaka mitatu. Siku mnayotambua kwamba soko limejaa, mna madarasa mengine mawili njiani ambayo hamwezi kuyarudisha nyumbani, na benki inataka rejesho lake kila mwezi.

Kisha wahitimu wakaanza kurudi ofisini kuulizia. Halafu wazazi. Baba mmoja alikuja na risiti zote za ada tangu ya kwanza, kazifunga kwa mpira. Hakuja kugomba. Alizipanga mezani moja moja kwa tarehe, akauliza kwa upole kama kuna malipo aliyoyasahau, pengine ndiyo sababu kijana wake hajapangiwa kituo. Yeye alikuwa na picha ya enzi zile mtu akimaliza chuo cha afya wizara inampangia kazi moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo yalibadilika. Sisi tuliopokea ada ndio tuliopaswa kumwambia, na kwenye meza zetu lilikuwepo andiko linalosema nafasi zipo tele.

Huyo kijana sasa yuko duka la dawa muhimu, anauza dawa za maumivu na za minyoo. Wenzake wengine wanajitolea zahanati, wanapewa nauli kutoka mapato ya papo kwa papo, yaani fedha wanazolipa wagonjwa, mwezi yakiwepo. Nawaheshimu sana wanaojitolea, zahanati nyingi zingefunga milango usiku bila wao. Lakini mtu anayejitolea hawezi kukaa miaka mitano, na ukimhesabu kama mtumishi umeharibu tena makadirio.

Habari zikasambaa, waombaji wakapungua, hosteli ikabaki nusu tupu. Rejesho la benki likalipwa kwa kupunguza walimu, na kozi ya uuguzi iliyokuwa ikisifika nayo ikayumba.

Na mshauri elekezi? Tulipompigia alijibu kwamba andiko lake lilieleza wazi: makadirio yatatimia "endapo serikali itaajiri kwa mujibu wa ikama". Tukarudi kuangalia. Kweli lilikuwepo, kwenye kiambatisho, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Mtu anachukua sharti ambalo kazi nzima imelikalia, analificha nyuma, halafu juu ya jalada anaandika neno FURSA. Inaniuma mpaka leo. Tabibu akimficha mgonjwa jambo zito namna hiyo anaitwa kwenye baraza la taaluma yake. Mshauri elekezi yeye anahamia mkoa unaofuata na andiko lilelile. Hebu fungua la kwenu, tafuta jina la mkoa mwingine ambalo wamesahau kulifuta. Sitanii, lisome ukurasa kwa ukurasa.

Anayesema upungufu na ukosefu wa ajira haviwezi kukaa nyumba moja akumbuke 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100. Rais Magufuli akakubali kuwapelekea madaktari 500 kutoka huku, mahakama ya Kenya ikazuia, na mwezi Aprili akaagiza 258 walioomba kwenda waajiriwe nyumbani. Nilifurahi kama wengine. Lakini jiulize, nchi inalia upungufu wa madaktari, hao 258 walikuwa wapi? Walikuwa mtaani wakisubiri kibali. Na huko Kenya, mgomo wa siku 56 wa 2024 kiini chake kikubwa kilikuwa madaktari wa intern, yaani wahitimu walio kwenye mafunzo kazini, waliokuwa wakidai wapangiwe vituo na walipwe. Watu wapo, wagonjwa wapo, kinachokosekana ni fungu la mshahara.

Kwa hiyo kanuni uliyoiomba ni hii: usimkadirie mtumishi ambaye hujui mshahara wake unatoka mfuko gani. Weka safu ya mshahara kabla ya safu nyingine zote. Serikali kuu, hiyo ni vibali na bajeti ya mishahara. Mapato ya ndani ya halmashauri, hiyo ni mikataba mifupi. Hospitali za mashirika ya dini, nyingine zinalipa zenyewe na nyingine zina watumishi wanaolipwa na serikali. Binafsi. Miradi ya wafadhili, na hapo uwe mwangalifu kupita kiasi: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi waliokuwa wakilipwa na miradi ya UKIMWI Afrika nzima walisimamishwa kazi. Kwenye andiko la mtu fulani walikuwa bado wanahesabika mpaka 2030.

Vile viwango vya Shirika la Afya Duniani, madaktari, wauguzi na wakunga 2.3 kwa kila watu 1,000 cha mwaka 2006 na 4.45 cha mwaka 2016, ni vipimo vizuri vya kumwonyesha waziri wa fedha tuko nyuma kiasi gani. Vitumie kudai bajeti, kwa sauti kubwa, nitakuunga mkono. Kupangia udahili wa chuo, hapana.

Kuna watakaokwambia utumie mzigo wa kazi badala ya ikama, yaani njia ya WISN: unachukua idadi ya wagonjwa na wajawazito kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za kituo, unazidisha kwa muda anaohitaji kila mmoja, kisha unagawa kwa muda ambao mtumishi anao kwa mwaka. Ni bora kuliko ikama, kwa sababu zahanati inayozalisha akina mama 10 kwa mwezi na inayozalisha 90 haziwezi kuhitaji idadi moja. Lakini vitabu hivyo vina mtego. Zahanati yenye muuguzi mmoja aliyechoka, akina mama wanaikwepa, wanakwenda mbali au wanajifungulia nyumbani. Kitabu kinaonyesha wateja wachache, hesabu inasema muuguzi mmoja anatosha, mwaka unaofuata hapangiwi wa pili. Nimeona kituo ambacho rejesta ya wazazi ilijaa miezi michache tu baada ya mkunga mzuri kuripoti. Wajawazito hawakuongezeka kijijini, walikuwepo siku zote.

Hata wenye takwimu nzuri waliteleza. Uingereza mwaka 1957 kamati ya Willink ilishauri udahili wa madaktari upunguzwe kwa kama asilimia 10. Haikupita muda wakapungukiwa, wakawa wanategemea madaktari kutoka India na Pakistani. Wao walikosea upande wa kupunguza, ninyi mnataka kukosea upande wa kuongeza, ila anayeumia wa kwenu ni mzazi aliyeuza shamba.

Sasa kazi ya kufanya. Nenda kwa maafisa utumishi wa halmashauri za mkoa wenu, na makatibu wa afya, waombe mambo matatu kwa kila kada peke yake: vibali vya ajira vilivyotoka miaka mitano iliyopita, wangapi waliripoti, na wangapi bado wapo kituoni miaka miwili baadaye. Usikubali jumla ya watumishi wa afya wote, jumla inaficha kila kitu. Omba na orodha ya umri. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari 55, kwa hiyo wa kuondoka kwa umri mpaka 2035 unawajua leo kwa majina, hakuna haja ya kutabiri. Halafu zunguka hospitali za dini na za binafsi, uliza swali moja: mwaka jana mlimwajiri nani, na nafasi gani mliitangaza mkakosa mtu?

Hilo la mwisho ndilo litakalowaokoa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilipoanza kukarabati vituo vya afya na kuviwekea vyumba vya upasuaji, mkazo wa majengo ulitangulia, watu wa kumlaza mgonjwa usingizi wakafuata nyuma. Mama anahitaji upasuaji, chumba kipo, taa ipo, mtaalamu wa usingizi hayupo, anapakiwa kwenye gari kwenda hospitali ya wilaya. Kada kama hiyo, ya mionzi na ya ufundi wa vifaa tiba, muziulizie kwa bidii. Darasa la watu 25 wenye pa kwenda lina heshima kuliko la 300. Najua 25 hawalipi deni la hosteli, ndiyo maana nimesema hosteli isijengwe.

Bima ya afya kwa wote, sheria ya 2023, inaweza kupanua soko, kwa sababu kituo kinacholipwa na bima kina fedha ya kuajiri. Ila subirini muone malipo yakifika vituoni, msiyapigie hesabu kabla.

Umesema kikao cha bodi kipo karibu. Omba kisogezwe mpaka uwe na hizo namba tatu kwa kila kada, hata kama ni za halmashauri mbili tu. Ukizipata zilete hapahapa kwenye uzi, au nitumie ujumbe, tukae tuzipige hesabu pamoja kabla mwenyekiti hajaenda benki.